Kabla ya kununua ubunifu mbali, ulizeni mtu wa pompi

Siku hizi katika maburo ya kampuni kubwa za madini, hapa Lubumbashi na kule Kolwezi, kuko neno moja linazunguka sana: inovasio. Wakubwa wanasema kampuni inapashwa kuwa nyepesi, ifikiri haraka, itumike sawa zile kampuni changa za vijana ambazo wanaziita startapu. Wanabandika mabango kwenye ukuta wa kantini. Wanapanga viti vya rangi katika chumba kimoja, wanaleta mwalimu toka mbali, anaongea siku mbili. Siku ya tatu kila mtu anarudia fasi yake, na mambo yanabaki vilevile.

Mimi si adui wa lile neno. Niko mtu wa sendika, nimetumika kwenye mungoti zaidi ya miaka 20, na ninataka kampuni yenye kunilipa iendelee. Sisi watu wa Katanga tunajua vizuri nini kinatokea wakati kampuni kubwa inaanguka. Katika miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa inatoa zaidi ya tani 400.000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1990 mungoti wa Kamoto uliporomoka, na miaka michache nyuma ya ile, uzalishaji wa mwaka mzima haukufika hata tani 50.000. Mwaka 2003 watu karibu 10.000 walitoka kazini katika ile operesheni waliyoiita ya kuondoka kwa kupenda. Kama walipenda kweli, waulizeni watoto wao waliofukuzwa masomoni. Kwa hiyo mtu asitufundishe kwamba kampuni inapashwa kubadilika. Tunajua. Ukubwa haulindi mtu, na kampuni ikianguka, inamwangukia kwanza mtu wa chini.

Lakini ninataka tuulize swali moja: hizi kampuni changa zinapata wapi ile mbio yao?

Wengi wanafikiri ni sababu ya kompyuta, ao ujana, ao kuvaa jinzi kazini. Hapana. Angalia kampuni ya watu watano. Mtu anayeona shida, mtu anayetafuta dawa, mtu anayeshika makuta na mtu anayekata neno, wote wanakaa kwenye meza moja. Mara nyingine wote ni mtu mmoja. Asubuhi wanaona shida, mangaribi wamejaribu kitu. Kikikosa, kesho wanajaribu kingine. Hakuna anayefukuzwa juu ya kujaribu, na kikifaulu kila mmoja anajua kwamba atakula ndani.

Sasa angalia kwetu. Anayeona shida yuko chini, kwenye matope, saa tisa ya usiku. Anayekata neno yuko kwenye buro ya juu, ao katika inchi ingine kabisa. Katikati yao kuko kapita, shefu wa ekipi, shefu wa kitengo, injenyere, mkubwa wa manunuzi, mkubwa wa feza, na kila mmoja anangoja saini ya mwingine. Ule urefu ndio ugonjwa. Viti vya rangi haviuponyi.

Niwape mfano mmoja niliouona kwa macho. Sitataja jina la kampuni, na kisa chenyewe kingeweza kutokea popote.

Tulikuwa na mzee mmoja wa pompi katika kiwanda cha kusafishia madini. Kazi yake ilikuwa kuchunga zile tiyo zinazopitisha maji yenye mchanga wa madini. Mchanga ule unakula chuma. Na haukuli fasi zote sawasawa: sababu ya uzito unakaa chini, kwa hiyo upande wa chini wa tiyo unaisha wakati upande wa juu ungali mzima. Siku moja tiyo inatoboka, matope yanamwagika, kiwanda kinasimama, watu wanakesha kuitengeneza, tiyo nzima inatupwa. Mzee akaona. Akamwambia shefu wake: "Shefu, hii tiyo tusingoje itoboke. Kila wakati tunasimamisha mashini juu ya matengenezo, tufungue, tuizungushe kidogo, upande wenye kuisha uende juu. Itadumu mara mbili, ao mara tatu."

Hakuomba hata franga moja. Alihitaji ufunguo tu, na watu wawili wenye nguvu.

Shefu akamjibu: "Mzee, wewe uko hapa juu ya kufikiri ao juu ya kutumika?" Watu wakacheka. Mzee naye akacheka, sababu ungefanya nini? Shefu mwenyewe hakuwa mtu mbaya. Aliogopa. Tiyo ikizungushwa na ikavunjika siku ile, jina lake ndilo lingeandikwa. Tiyo ikitoboka yenyewe, hakuna jina la mtu linaloandikwa. Katika kampuni yenye namna ile, kunyamaza ni akili.

Miezi ikapita. Mzee alikuwa mtu wa kampuni ndogo yenye kukodisha wafanyakazi, kontra yake ikaisha, hawakuirudisha. Nyuma ya pale wakaja wageni washauri, wenye kofia mpya. Walikaa majuma, wakatuuliza maswali, wakaandika. Ripoti yao ilipotoka, ndani yake kulikuwa shauri la kuzungusha tiyo. Wahenga wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Safari hii mgeni alikuja, mgeni akalipwa, na mwenyeji alikuwa ameshakwenda kwake.

Watu wa mikutano wanapenda kutupa mifano ya Marekani na Japani. Vizuri, tuchukue mifano yao, lakini tuisome mpaka mwisho.

Kuko kampuni kubwa ya Marekani inaitwa 3M. Wengi wanaijua sababu ya vile vikaratasi vya rangi vya kubandika kwenye buro. Wachache wanajua kwamba M ya pili ni ya mungoti: jina lake la zamani ni Minnesota Mining and Manufacturing. Iliundwa mwaka 1902 juu ya kuchimba jiwe gumu la kusugulia vyuma, na ikagundua kwamba jiwe walilochimba halikuwa lile walilofikiri. Halikufaa. Wakageukia kutengeneza karatasi ya msasa. Miaka 20 na zaidi nyuma ya pale, kijana mmoja wa laboratwari, Richard Drew, alipeleka msasa kwa mafundi wa kupaka motokari rangi ili waujaribu. Akaona wanateseka: wakitaka kupaka rangi mbili, karatasi wanazobandika zinabandua rangi. Akaanza kutafuta utepe unaoshika vizuri na kutoka bila kuharibu. Mkubwa wake, William McKnight, akamwambia aache mambo yale, arudie msasa. Drew hakuacha. McKnight akaona, akanyamaza. Mwaka 1925 utepe ukatoka, na kampuni ikapata utajiri mpya. Baadaye 3M ikaweka desturi kwamba watu wake wa tekiniki waweze kutumia 15% ya wakati wao wa kazi kwa mawazo yao wenyewe.

Mnaona? Wazo halikutoka kwenye chumba cha mikutano. Lilitoka kwa mtu aliyesimama karibu na fundi, akamwona anateseka. Na huyo mtu alimkatalia mkubwa wake, na kesho yake akaingia tena kazini. Hebu fikiria mtu wa kontra ya miezi mitatu akifanya vile kwetu.

Mfano wa pili ni wa mungoti wenyewe. Kule Kanada, jimbo la Ontario, kuko fasi inaitwa Red Lake. Mwaka 2000 mkubwa wa kampuni ya Goldcorp, Rob McEwen, alifanya kitu ambacho watu wa madini walikiona sawa wazimu: alichukua habari za udongo wa mungoti wake, zile ambazo kila kampuni inaficha sawa siri ya nyumba, akaziweka kwenye intaneti. Akasema: atakayenionyesha fasi ya kuchimba zahabu, kuko zawadi, jumla dolari 575.000. Watu wa inchi nyingi wakajibu. Waliopata zawadi ya kwanza walikuwa Australia, hawajawahi kukanyaga Red Lake. Na zahabu ilipatikana.

Mfano huu unasimuliwa sana, na kweli unafundisha: siri nyingi tunazofungia kwenye kabati hazimsaidii mtu. Lakini kuko upande mmoja ambao wasimulizi wanauruka. Katika mungoti ule ule wafanyakazi waliingia katika mgomo mwaka 1996, na mgomo ukadumu karibu miaka minne. Kwa hiyo wakati mkubwa alipokuwa anafungulia dunia nzima mlango, watu waliojua lile shimo kwa mikono yao walikuwa wametoka tu kwenye ugomvi mrefu naye. Alipata zahabu, sikatai. Ninauliza tu: ingekuwa namna gani kama angeanza kuuliza nyumbani?

Mfano wa tatu, Toyota. Mwaka 1950 ile kampuni ilikuwa karibu kufa. Ikapunguza watu, wafanyakazi wakagoma, na mwanzilishi wake, Kiichiro Toyoda, akaacha kiti cha urais. Mwaka uliofuata, 1951, Toyota ikaanza mpango wa kupokea mawazo ya wafanyakazi, na mpango ule haukufa. Ikaweka pia kamba kwenye mstari wa kutengenezea motokari: mfanyakazi yeyote akiona kosa anaivuta, anaita musaada, na kama kosa halitengenezwi palepale, mstari unasimama. Mtu wa chini anaweza kusimamisha kiwanda! Na hafukuzwi, sababu kosa lililoonekana mapema ni faida. Kwetu, mtu akisimamisha mkanda sababu ameona hatari, swali la kwanza ni: "Nani alikupa ruhusa?"

Sasa ninasikia mtu anasema: lakini Katanga tuko na ubunifu wetu, tuko na article 15, kila mtu ajipange. Na wachimbaji wa mikono, hawa si startapu ya kweli? Wako ekipi ndogo, wanaamua palepale, wanatumia chuma, kamba na mifuko, na wanapata madini fasi ambayo kampuni iliacha.

Kweli, wako na akili nyingi. Lakini tusidanganyane. Wale wanachimba bila nguzo na bila hewa, na tunawazika. Mbio bila ulinzi inatufikisha kwenye makaburi. Na hapa ndipo maneno ya watu wa startapu hayaingii kwetu yote. Wao wanasema: jaribu haraka, ukikosa hakuna shida. Katika kompyuta, ukikosa unapoteza makuta. Kwenye mungoti, ukikosa unapoteza watu. Kwa hiyo kujaribu kwetu kunapashwa kuwa kudogo, kwenye mashini moja kwanza, mbele ya watu wa usalama, na kila mmoja awe na haki ya kusema simama. Asiyekuwa na haki ya kusema simama, msimwambie ajaribu.

Hapa ninafika kwenye mfupa wenyewe. Watu wengi tunaotumika nao leo hawavai jina la kampuni kubwa kwenye kifua. Wanavaa jina la kampuni ingine, yenye kuwakodisha. Sheria ya mwaka 2017 juu ya sutretansi iliwekwa ili kazi zile zipewe kampuni zenye mitaji ya Wakongomani, tupate wenye viwanda wetu. Ile ni neno nzuri. Haikuwekwa ili mfanyakazi wa siku zote ageuzwe mtu wa kupita. Mtu wa kupita haleti wazo. Anajua kwamba akisema shida iko fasi fulani, ataonekana mwenye kusumbua. Anajua kwamba akionyesha namna ya kufanya kazi ya watu sita kwa watu wanne, yeye mwenyewe atakuwa kati ya wawili wenye kutoka. Kwa hiyo anaona, ananyamaza, anangoja mwisho wa mwezi. Kampuni inafikiri imepunguza bei ya mshahara. Bei ya kile anachokijua mtu yule, ambacho hatakisema, haiko kwenye kitabu chochote cha hesabu.

Na zile kampuni changa za kweli, za vijana wetu waliotoka Université de Lubumbashi ao kwenye atelye za Katuba, wanaotengeneza vipande vya mashini na programu za simu? Wakubwa wanawasifu kwenye mikutano, kisha wengine wanawalipa miezi na miezi nyuma ya kazi kuisha. Kampuni kubwa inaweza kungoja miezi minne. Kijana mwenye wafanyakazi watatu hawezi, anafunga mlango. Mkitaka kujifunza kwa startapu, anzeni na kuilipa.

Sitaki kuonyesha kidole upande mmoja tu. Sisi watu wa sendika tuko na kosa letu. Tukiingia kwenye mkutano na direksio, tunaongea juu ya mshahara, ya hospitali, ya masomo ya watoto, ya jeneza. Mambo yale ni ya lazima, na tutaendelea kuyadai. Lakini ni mara ngapi delege amekuja mezani na kusema: "Wafanyakazi wameona namna bora ya kutumika, tuongee"? Mashini mpya ikifika, neno letu la kwanza ni hapana, mbele ya kuuliza inafanya nini. Na kuko wandugu zetu wanaoficha ujuzi wao, hawamfundishi kijana, ili siku zote waitwe. Ninawaelewa, wanalinda mkate. Lakini ujuzi uliofichwa unazikwa pamoja na mwenyewe.

Basi, tufanye nini? Ninaleta mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mwalimu toka mbali.

Kwanza, kila ekipi iwe na makuta kidogo ya kujaribia, na shefu wa ekipi awe na ruhusa ya kuyatumia bila kupandisha karatasi juu. Wazo likipita uwezo wake, lijibiwe kwa maandishi katika siku 15. Hata jibu la hapana, lakini lenye sababu. Kinachoua mawazo kwetu ni kimya.

Pili, jina la mwenye wazo libaki kwenye wazo, hata kama ni mtu wa sutretansi, hata kama kontra yake imeisha. Na wazo likileta faida, naye aone sehemu yake. Hii iandikwe katika mapatano ya pamoja kati ya kampuni na sendika, isibaki neno la mdomo la mkubwa mmoja anayeweza kuhamishwa kesho.

Tatu, wazo lililotoka kwa wafanyakazi lisitumiwe kufukuza wafanyakazi. Kama kazi imepungua fasi moja, watu wafundishwe, wahamishwe fasi ingine. Bila ahadi hii, mengine yote ni maneno ya bango.

Nne, mtu aliyesimamisha kazi sababu ameona hatari asiadhibiwe, hata kama alikosea. Afazali tupoteze saa moja bure mara kumi kuliko kupoteza mtu mara moja.

Wakubwa watasema haya yanakula makuta. Ninawajibu: tembeeni mpaka kwenye teril ya Lubumbashi, ule mlima mweusi karibu na kiminara cha zamani. Kwa miaka mingi watu walipita pale wakaona takataka ya tanuru. Ndani yake kulikuwa kobalti, na karibu na mwaka 2000 wakaanza kuitoa. Haikuletwa na mtu. Ilikuwa imekaa palepale tangu zamani, ikingoja mtu wa kuiangalia kwa jicho lingine. Kampuni zetu ziko na mlima mwingine wa namna ile, na ule unaingia kazini kila asubuhi kwa mabasi, na kofia kichwani.

Yule mzee wa pompi nilimwona tena mwaka uliopita. Amefungua kiatelye mbele ya nyumba yake, anatengeneza pompi za maji za watu wa mtaa. Ako na vijana wawili. Nilimuuliza anaendeleaje. Akaniambia: "Mwanangu, hapa kitu kikiharibika asubuhi, mangaribi nimeshajaribu kitu. Hakuna wa kuniuliza kama niko hapa juu ya kufikiri."

Kampuni ile ilikuwa na startapu ndani ya nyumba yake, ikaitoa nje kwa kukosa saini. Wangapi sawa yeye wanatoka mwezi huu?